Bangili za Mother India: Sinema ya Kariakoo na Hadithi Zilizotungwa Njiani

Ilipokuwa ikionyeshwa hapa mjini filamu ya Vuta N'Kuvute, ile ambayo Amil Shivji aliitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi na ikatoka mwaka 2021, nilimchukua mama mkubwa tukaenda kuiona. Riwaya niliisoma sekondari kwa ada aliyoilipa yeye, kwa hiyo niliona ni haki yake. Tukakaa kwenye viti laini vya ukumbi mmoja wa kisasa, kiyoyozi kinavuma, bisi mkononi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka pale Yasmini, yule binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anapoamua kumkimbia. Mama mkubwa akashindwa kuvumilia. "Nenda mwanangu! Usigeuke nyuma, watakurudisha hao!" Safu nzima ikatugeukia. Haikupita dakika akaja kijana na tochi, kwa adabu zote: "Mama, tunaomba utulivu." Mama mkubwa akafunga mdomo hadi taa zilipowaka. Tulipotoka nje nikamuuliza, mama, picha umeionaje? Akasema: "Picha nzuri. Lakini mle ndani si sinema, mle ni maktaba."

Makala haya yamezaliwa na kauli hiyo. Yule kijana wa tochi hakufanya kosa, ndivyo alivyofundishwa kazi. Hata hivyo, mama mkubwa hakuwa na utovu wa adabu. Alikuwa anafanya kile ambacho watu wa Kariakoo walikifanya mbele ya picha kwa zaidi ya nusu karne, na ninadai kwamba jambo hilo ni tawi la fasihi simulizi yetu ambalo wahakiki wa Mlimani tumelipita kila siku kama tunavyopita kituo cha basi. Tumeandika tasnifu juu ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tumechambua ngonjera, tumehesabu vitendawili. Watu walioketi gizani wakiitazama hadithi ya lugha wasiyoijua, kisha wakatoka nayo ikiwa imegeuka yao, hao hatukuwauliza kitu.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Anayeijua Dar es Salaam ya leo ni rahisi kusahau kwamba mji huu ulipimwa na kugawanywa kwa rangi: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya pili, kwenye eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, ambacho midomo yetu ilikigeuza Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, usijengwe kitu. Lengo lilikuwa kuwatenganisha watu. Majumba ya sinema karibu yote yalikuwa ng'ambo ile ya Uhindini na mjini: Avalon pale Mtaa wa Zanaki, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox kwenye barabara iliyokuja kuitwa Nkrumah. Upande wa Waafrika kulikuwa na Amana kule Ilala. Kwa hiyo kwa mtu wa Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, kwenda sinema maana yake ilikuwa kuuvuka Mnazi Mmoja jioni, na kuuvuka tena usiku wa manane ukirudi. Namwomba msomaji aikumbuke hiyo safari ya kurudi, kwa sababu sehemu kubwa ya hoja yangu imo humo.

Wakati watu wanavuka uwanja huo, wataalamu wa kikoloni walikuwa na nadharia yao kuhusu macho ya Mwafrika. Kati ya mwaka 1935 na 1937 pale Vugiri, katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi ulioongozwa na Notcutt na Latham wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha "Wabantu": habari za shamba, minyoo, kuweka akiba posta. Ziliwekwa kwenye lori na kuzungushwa Afrika Mashariki hadi Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, mwaka 1939, Waingereza wakaunda kitengo cha filamu cha makoloni, na mkuu wake, William Sellers, akaweka kanuni: filamu ya Mwafrika iende polepole, isiruke kutoka mahali hadi mahali, isichanganye wakati, isiwe na ujanja wowote wa kamera, maana atachanganyikiwa. Kanuni hizo ziliheshimiwa na wasomi wa Ulaya kwa miaka mingi.

Hapa naomba kuchepuka kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa Tanganyika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba na vituko vinavyompata mjini. Aliyeigiza humo alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo. Miaka michache baadaye alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Sijui ni nchi ngapi duniani zilizowahi kuongozwa na mtu ambaye wananchi walikwisha kumwona kwenye pazia la sinema akifanya mambo ya ushamba. Nasi tunadhani Reagan alikuwa wa kwanza!

Sasa turudi kwa Sellers na kanuni zake. Mwaka 1951 Raj Kapoor alitoa Bombay filamu yake ya Awara. Katika miaka ya 1950 hiyo hiyo ikafika pwani yetu, na mzee yeyote wa mjini wa umri ule ukimtajia Awara atatabasamu kabla hujamaliza neno. Itazame filamu hiyo kwa macho ya mhakiki. Inaanzia mahakamani, kijana akiwa kizimbani kwa kutaka kumuua hakimu. Kisha hadithi yote inarudi nyuma: hakimu alivyomfukuza mkewe mjamzito kwa kushuku mimba ni ya jambazi, mtoto alivyokulia mitaa ya kimaskini, jambazi alivyomfundisha wizi, mpaka tunarudi tena kizimbani na kujua kwamba mshitakiwa ni mwana wa hakimu. Katikati imo ndoto ndefu yenye mawingu, ngazi na mashetani. Ni karibu saa tatu za kuruka wakati na mahali, kwa Kihindi, bila neno la Kiswahili chini ya picha. Kwa mujibu wa nadharia ya wataalamu, watu wa Kariakoo walipaswa kutoka Avalon vichwa vinawauma. Walitoka wanabishana.

Walibishana nini? Hakimu wa Awara anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwema awe mwema. Hiyo ni methali yetu kabisa, mtoto wa nyoka ni nyoka. Filamu inamjibu kwa methali nyingine ambayo pia ni yetu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa fundi cherehani kwenye baraza la nyumba ya watu, alisimulia kwamba mabishano ya Awara yalichukua wiki nzima na wateja wengine walikuja na nguo nzima kabisa, hazina pa kushona, ili tu waendeleze hoja. Kwa mtu aliyeishi kwenye mji uliogawanywa kwa rangi, ambako kuzaliwa kwako ndiko kulikoamua ulale mtaa gani, ulipwe kiasi gani na uruhusiwe kutazama picha ipi, swali la hakimu Raghunath halikuwa la Bombay hata kidogo. Na nasema "uruhusiwe kutazama picha ipi" kwa makusudi: bodi ya ukaguzi ya wakati wa ukoloni iliweza kuipitisha filamu kwa Wazungu na Waasia na kuikataza kwa Waafrika. Wakubwa waliogopa hasa picha za makauboi na za majambazi kwamba zingewafunza vijana uhalifu. Ni hakimu yule yule wa Awara, ila huku alikuwa na mkasi.

Basi picha inakwisha, watu wanatoka. Wanakata Mnazi Mmoja kwa makundi. Anayejua Kihindi kidogo, labda kwa kufanya kazi dukani Uhindini, ndiye mfalme wa njia; anaulizwa, yule mzee alimwambia nini yule binti? Naye anajibu, na asipojua anajibu pia. Mwingine anapinga: hapana, mimi nilimwona usoni, alikuwa anadanganya. Nyimbo zinajaribiwa, maneno hayajulikani, sauti inabaki. (Wapenzi wa taarabu wanajua sauti hizo zilikoishia. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sifa yake kwa kutia mashairi ya Kiswahili ndani ya mahadhi ya sinema za Kihindi, na hakuna aliyemwambia si Mswahili.) Wanapofika Lumumba hadithi imeshapata mwili. Asubuhi inasimuliwa upya barazani na uani kwa wale ambao hawakwenda: watoto, wagonjwa, wasio na nauli wala kiingilio, na wanawake wengi ambao waume hawakuwapa ruhusa. Unguja walikuwa na bahati zaidi, majumba yao yaliweka maonyesho ya alasiri ya wanawake peke yao, na huko nako nakala moja ya filamu iliweza kuonyeshwa majumba mawili usiku mmoja, vijana wa baiskeli wakikimbiza mikanda kutoka jumba hili kwenda lile. Huku Kariakoo baiskeli ya hadithi ilikuwa mdomo.

Bibi yangu, mke wa huyo fundi cherehani, aliiona Mother India mara tatu. Filamu hiyo ya mwaka 1957 aliigiza Nargis, na bibi aliisimulia uani mpaka ikawa kama habari ya ndugu yetu fulani aliyeishi mbali. Mimi niliisikia kwake nikiwa mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, umeme ukikatika. Radha wake alivaa kanga. Mkopeshaji Sukhilala aliitwa "yule wa rehani" tu. Radha anaweka rehani bangili zake za arusi, mume anapoteza mikono yake kwa ajali na kuondoka kwa aibu, watoto wanabaki wawili, mmoja mpole na mmoja mkorofi. Yule mkorofi, Birju, anakua na kisasi cha bangili za mama yake, anamuua mkopeshaji, anamteka binti yake siku ya arusi. Radha anamwambia mwanawe amwache binti wa watu. Mwana hasikii. Mama anampiga risasi.

Hapo bibi alinyamaza, akatuacha tukae na risasi. Kisha akaendelea: Radha akamfunua mwanawe kiganja, akazichukua zile bangili, akazifuta damu kwa upindo wa kanga. Akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwa bibi arusi. Watu wote wakaogopa, wakampisha. Akamvisha yule binti bangili moja moja, akamwambia, bangili hazina kosa mwanangu, nenda kaolewe.

Mwaka jana, nikiwa bwenini, nikaipata Mother India na nikaitazama yote kwenye kompyuta yangu. Filamu ni kubwa kweli, sitaki mtu aseme nimeibeza. Nargis akivuta plau begani kama ng'ombe, hiyo huisahau. Nikawa nangoja bangili. Risasi ikalia, Birju akafia mikononi mwa mama yake, bangili zenye damu zikaonekana, moyo ukanidunda. Na hapo hapo filamu ikaruka hadi uzeeni, Radha anafungua mfereji wa kijiji kama alivyoombwa mwanzoni, maji yanatoka mekundu. Imekwisha. Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Hakuna kutembea kwa miguu, hakuna kumvisha bibi arusi, hakuna bangili hazina kosa.

Nikampigia mama mkubwa simu usiku ule ule. Nikamwambia, ile sehemu ya bangili haimo. Akacheka sana. "Haimo, ndiyo. Mama aliitia." Halafu akaniambia nisilolijua: bibi aliwahi kuweka rehani bangili zake mbili za dhahabu, alizopewa na mama yake, babu alipougua na cherehani ikakaa miezi bila kazi. Zilikuwa awekewe mama mkubwa za arusi. "Zake hazikurudi," akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele.

Sasa hilo tuliite nini? Darasani tunafundishwa kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira, na kwamba hadhira si mzigo, ni mtunzi mshiriki. Hadithi hubadilika kila inapotambwa kulingana na mahali, wakati na mahitaji. Tunakariri hayo kwa mtihani na kutoa mifano ya sungura na fisi. Tukiambiwa sinema tunasema ni sanaa ya kigeni, imekwisha kuchapwa kwenye mkanda, haibadiliki, hadhira yake ni butu. Mimi naona bibi alikuwa fanani kamili, mwenye malighafi ya Bombay na kisa cha Mtaa wa Sikukuu. Bangili zile hakuziongeza kwa kusahau, maana aliiona filamu mara tatu. Alifanya hivyo kwa sababu filamu, kwa maoni yake, iliacha deni.

Najua nitakachojibiwa. Miaka ya 1960 na 1970 ulikuwapo uhakiki mkali hapa nchini ulioziita picha hizi kasumba: za Kihindi zinaliza wanawake na kuwafunza kungoja bahati, za kikauboi zinazalisha wahuni, za karate zinafundisha ngumi, na zote zinahamisha fedha nje. Sitaki kuwacheka wahakiki hao, hoja zao zilikuwa na miguu. Vijana wa mjini walivaa kweli kama Django wa mwaka 1966, yule aliyeburuta jeneza lenye bunduki ndani. Hata hivyo tazama ukali huo uliishia wapi. Oktoba 1968 vijana wa chama walipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, Kariakoo ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo wanawake walishambuliwa na makundi kwa ajili ya mavazi yao. Waliokuwa wakilinda utamaduni wa taifa wakampiga binti wa taifa njiani. Tukipima nani alikuwa amejifunza uhuni, na wapi, tusikimbilie kuilaumu sinema. Wala uhakiki ule haukwenda kukaa Amana Jumapili kusikiliza. Ulihakiki pazia, ukawapa kisogo waliokuwa vitini.

Wakati huo huo Serikali ilitaka kushika usukani. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa mwaka 1968 na ikaja kuushika uingizaji na usambazaji wa filamu. Nia ilikuwa njema. Tukapata filamu chache zetu, na zile za baadaye, Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 na Mama Tumaini ya Martin Mhando, zinastahili makala yake peke yake. Lakini fedha za kigeni zilipokauka, majumba yakabaki na mikanda iliyokatika na kuungwa hadi hadithi inaruka yenyewe. Bado watu walijaa. Sholay ya mwaka 1975 na Gabbar Singh wake, Bruce Lee wa Enter the Dragon, kisha Mithun wa Disco Dancer ya 1982, ambamo mama anakufa kwa gitaa lililotiwa umeme. Hiyo ya gitaa mjomba wangu hawezi kuisimulia mpaka leo bila kusimama. Waliokuwa na magari walikwenda Drive-in ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Leo mahali pale pamesimama ubalozi wa Marekani. Tukumbuke pia kwamba Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali Unguja walianza mapema miaka ya 1970, na ya rangi. Kwa mtu wa Kariakoo, picha inayotembea ilikuwa kule ng'ambo ya Mnazi Mmoja, basi.

Video ndiyo iliyoyaua majumba. Baada ya milango ya biashara kulegezwa mwaka 1984, na ruksa ya Mzee Mwinyi kufuata, deki zikaingia, nyingi kutoka Ghuba na kupitia Unguja. Hadi mwisho wa miaka ya 1990 majumba ya zamani yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Watu wa rika langu hatukuyakuta. Sisi tulikuta kibanda umiza.

Asiyekijua: mabati, magunia dirishani, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni moja juu kabisa, joto la kuivisha embe. Sisi watoto tulianza kwa kupiga chabo kwenye matundu ya misumari hadi tulipopata shilingi mia. Na ndani ya kibanda kulikuwa na kitu ambacho Avalon haikuwa nacho: mtafsiri. Aliyevuma kuliko wote jijini alikuwa Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyeanza kwa kutafsiri papo kwa papo vibandani, baadaye sauti yake ikawekwa juu ya mikanda na kuuzwa. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu, huchukua kipaza sauti, na kuwa watu wote: steringi, adui, mama wa adui, mbwa. Humpa kila mtu jina linalomfaa. Huonya: mnaona huyo anavyocheka? Subirini.

Nakumbuka mwaka 2003 tulioneshwa Commando ya Arnold Schwarzenegger. Filamu yenyewe ni nyepesi, askari mstaafu ametekewa bintiye, anawafuata watekaji na kuwamaliza. Mtafsiri wa kibanda chetu alimwita steringi "Baba Jeni", kama ambavyo jirani yeyote angemwita. Lakini akaongeza sababu: Baba Jeni alikuwa anadai kiinua mgongo chake, na watekaji wametumwa na waliokila. Miaka ile wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walikuwa bado wanafuatilia mafao yao, na mitaani kwetu walikuwamo. Mzee mmoja alikuwa anakaa benchi la mwisho. Kila adui alipoanguka, mtafsiri alitamka kiasi: "Hiyo ni ya mwaka themanini! Hiyo ni ya themanini na moja!" Kibanda kizima kikawa kinahesabu pamoja naye. Yule mzee alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, nilikuwa mdogo sikuweza kupambanua. Nimeitazama tena Commando juzi juzi kwa Kiingereza. Ni takataka, tuseme ukweli. Ile ya kibandani ilikuwa filamu nzuri zaidi.

Ndugu msomaji, sanaa hiyo haikuhifadhiwa. Tafsiri za papo kwa papo zilipotea usiku ule ule, na zilizowekwa kwenye mikanda zilikuwa, kisheria, mali ya wizi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iko wazi, na mtafsiri hakununua haki ya Commando. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya karanga bila kulipiwa kodi. Nawaelewa. Huwezi kutengeneza filamu kwa mamilioni ukashindanishwa na diski yenye picha 20 za Marekani. Ila kwenye diski zile, juu ya picha iliyoibwa, kulikuwa na sauti ambayo haikuibwa, Kiswahili kilichotungwa na mtu wa Temeke au Buguruni kwa kichwa chake. Diski zinapokamatwa na kuteketezwa, hakuna anayezitenganisha. Sidai tuvunje sheria. Nauliza kama chuo chenye idara za fasihi, historia na sanaa za maonyesho kimeshindwa kupata kabati moja la kuwekea mikanda hiyo kwa ajili ya utafiti tu, kama tunavyohifadhi miswada ya tenzi ambayo nayo haikuandikwa na sisi.

Na nauliza kwa haraka, kwa sababu wengine wameshatuuliza. Kitabu kikubwa kabisa juu ya majumba yetu ya sinema, Reel Pleasures cha Laura Fair, kilitoka Marekani mwaka 2018, kwa Kiingereza, baada ya mwandishi kukaa na wazee wetu na kuwasikiliza miaka mingi. Watafsiri wa vibandani wameandikiwa na Matthias Krings, Mjerumani. Nawashukuru wote wawili, bila wao nisingejua nusu ya haya. Wapo pia walimu wetu waliogusa historia ya filamu nchini. Lakini simulizi zenyewe, Awara ya fundi cherehani na Mother India ya uani, ziko kwa Kiswahili, kwenye vichwa vya watu wenye miaka 80 na zaidi, dakika 20 kwa daladala kutoka maktaba yetu. Bibi yangu alifariki mwaka 2009. Nilikuwa na miaka 17 na simu yenye kinasa sauti mfukoni, na sikuwahi kuiwasha.

Ile jioni ya Vuta N'Kuvute tulipanda mwendokasi pale Ubungo, la Gerezani, limejaa. Mama mkubwa alipata kiti karibu na dirisha, mimi nikasimama juu yake. Pembeni alikaa dada mmoja mwenye mtoto, akauliza mmetoka wapi mmependeza hivyo. Tumetoka sinema, mama mkubwa akasema, na hapo mdomo uliofungwa kwa tochi ukafunguka. Alianza na yule mume mzee. Magomeni abiria watatu walikuwa wanasikiliza, na mmoja alishauliza kwa nini yule Denge asimchukue binti wa watu moja kwa moja. Tulipokuwa tunapita Jangwani, Denge alikuwa ameshavuka bahari, amepanga chumba Mtaa wa Sikukuu, na Yasmini yuko melini anamfuata, na ameshika bangili mkononi.